Namba Iliyosingiziwa Utasa

Katika hisabati ya Kiswahili, namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 na isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe huitwa namba tasa, jina ambalo, kama majina ya mtaani, likishabandikwa halibanduki kwa urahisi. Masaibu hayo yaliipata namba 147,573,952,589,676,412,927, ambayo hupatikana kwa kupandisha 2 hadi kipeo cha 67, yaani kuzidisha 2 sitini na saba kwa pamoja, kisha kutoa 1. Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliitaja katika orodha yake ya namba tasa, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hamu ya kuhangaika na tarakimu 21 kwa mkono, uvumi ulistarehe kwa zaidi ya karne mbili. Wapo waliomtetea kwamba alikusudia kuandika kipeo cha 61 badala ya 67, kalamu ikateleza, utetezi unaojulikana vyema na kila karani wa risiti. Lakini orodha ilikuwa na makosa mengine, na kalamu haiwezi kubebeshwa yote.

Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alithibitisha kwamba namba hiyo si tasa, ila njia yake haikuonyesha vigawo, yaani namba zinazoigawanya bila kuacha baki. Ikawa kama jirani anayeapa kwamba mama fulani ana watoto, lakini akiulizwa majina yao anaaga.

Watoto walionekana New York, Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahisabati wa Marekani, pale Frank Nelson Cole alipokwenda ubaoni na, kama inavyosimuliwa, bila kutamka neno akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, jibu likawa namba ileile, akarudi kuketi huku ukumbi ukipiga makofi. Inasemekana kazi hiyo ilimla Jumapili za miaka mitatu, ambazo mtu mwingine angezimalizia harusini. Nafuu ilikuwa moja: kigawo chochote cha namba hiyo kikigawanywa kwa 134 huacha baki ya 1, kwa hiyo namba nyingi mno huondolewa mlangoni kabla ya kuhojiwa. Hata hivyo, kile kigawo kidogo ni cha 1,445,580 katika safu ya namba za aina hiyo zinazoanzia 135, foleni ambayo hata kituo cha daladala jioni ya mvua hakijawahi kuiona.

Msomaji anayetaka kuhakiki asitegemee kikokotoo cha kawaida cha mkononi, kwa sababu chombo hicho, chenye nafasi ya tarakimu kumi hivi, hufupisha jibu kuwa 1.475739526 mara 10 kwa kipeo cha 20, na 1 ikitolewa kioo hakibadiliki hata kidogo, kana kwamba hiyo 1 imebaki kwa konda pamoja na chenji. Achukue karatasi pana, penseli na kifutio.