Hotuba ya Ufunguzi wa Elimu Tukufu ya Uwanjalojia

Waheshimiwa wageni, wanazuoni wa daraja lililo chini yangu, na ninyi mliofuata chai: leo nathibitisha, bila kutoka jasho, kwamba uwanja wa ndege wa umma ukikodishwa, ukodishwe kwa muda unaozidi umri wa waliotia saini. Msingi wa nadharia yangu ni kwamba abiria hana pa kukimbilia. Nani ataondokea Mombasa kwa sababu maegesho ya Nairobi yamepanda bei? Serikali huuchezea ukiritimba huu kwa kuogopa wapiga kura. Mwekezaji hapigiwi kura.

Ushahidi ninao, tena wa ng'ambo. Uingereza iliibinafsisha kampuni ya viwanja vya ndege ya BAA mwaka 1987 ikiwa na Heathrow, Gatwick na Stansted, viwanja vitatu vya London chini ya bwana mmoja. Raha hiyo ilidumu hadi 2009, Tume ya Ushindani ilipoamuru Gatwick na Stansted viuzwe. Miaka 22 tu! Australia walikuwa werevu zaidi. Mwaka 2002 uwanja wa Sydney ulikwenda kwa takriban dola bilioni 5.6 za huko, mkataba wa miaka 50 na nyongeza ya 49, na mpangaji akapewa haki ya kuulizwa kwanza kuhusu uwanja wa pili wa jiji. Alipoukataa mwaka 2017, serikali ikaamua kuujenga yenyewe. Tazameni mgawanyo wa haki: maegesho kwake, tingatinga kwa mlipa kodi. Mtanitajia Rod Sims, aliyekuwa mwenyekiti wa tume ya ushindani ya huko, aliyetetea ubinafsishaji miaka mingi, kisha mwaka 2016 akalalamika kwamba mali za umma zinauzwa bila kudhibiti bei ili mnunuzi atoe fedha nyingi. Mnaita hayo malalamiko? Mimi naita risiti.

Nairobi ndiko moyo wangu unakouma. Mwaka 2024 kampuni ya Adani ilipendekeza kuendesha uwanja wa ndege wa JKIA kwa miaka 30 ikiahidi kuwekeza dola bilioni 1.85, pendekezo lililoanzishwa na mwekezaji mwenyewe, bila usumbufu wa zabuni ya wazi. Habari zikavuja Julai. Septemba Mahakama Kuu ikalisimamisha pendekezo hilo na wafanyakazi wakagoma. Novemba 21 Rais Ruto akaufuta mpango, siku moja baada ya Marekani kutangaza dhidi ya Gautam Adani mashtaka yahusuyo hongo, ambayo kampuni yake iliyakana. Eti wananchi hawakushirikishwa! Tangu lini bibi harusi akaitwa kwenye kikao cha mahari?

Hoja moja ya wapinzani ina uzito, nami naijibu kwa hisani. Wanasema umma unaweza kukarabati kwa tozo za abiria, au ukodishe kwa zabuni, muda mfupi, bei zikisimamiwa. Inawezekana kabisa, na hapo ndipo penye hatari. Paa la JKIA linalovuja mvua ikinyesha ndilo dalali wetu hodari. Likizibwa, tutamwonyesha mwekezaji nini? Tena zabuni huleta mshindani mwenye bei nzuri zaidi, na washauri kama mimi tutalipwa na nani? Kumbukeni aibu ya Chicago: 2008 walikubaliana kukodisha uwanja wa ndege wa Midway kwa miaka 99, mwaka uliofuata mkodishwaji akakosa fedha, jiji likabaki na uwanja wake pamoja na amana ya dola milioni 126.

Maswali mwachieni karani mlangoni. Yatajibiwa mkataba utakapokwisha.