Sahihi ya Marehemu

Hela ilikuwa ya simtanki. Naanza na hilo kwa sababu Mama Asha angeanza nalo, na ni afadhali mlisikie kwangu. Kwetu Tabata maji ya bomba hutoka siku yanapojisikia, na kwa miezi mitano tulikuwa tukitumbukiza chochote kinachobaki kwenye kopo la maziwa lililofichwa nyuma ya gunia la mchele. Kopo lilipofika laki mbili na ushee, baba mkwe akatimiza miaka 70, nami nikaingiwa na wazo.

Mzee ni mtu wa Morogoro. Ujana wake aliumalizia kwenye madansi ya Mbaraka Mwinshehe, kwanza na Morogoro Jazz, halafu na Super Volcano, bendi ambayo Mbaraka aliianzisha mwaka 1973 alipojitenga. Ukimgusia kwamba Morogoro Jazz walikwenda kupiga Japani, kwenye maonyesho ya Osaka ya mwaka 1970, atajivuna utadhani yeye ndiye aliyebeba magitaa. Gramafoni anayo mpaka leo. Santuri zake zilikwenda na mafuriko.

Basi nikaenda Kariakoo, kwenye kijiduka kisichozidi mlango kwa upana, kimejaa redio za mbao na saa za ukutani zisizokwenda. Nikamweleza mwenye duka shida yangu. Alinitazama, akanipima, akaingia nyuma ya pazia, akatoka na santuri ameikalisha kwenye viganja viwili kama sinia ya pilau. Mbaraka Mwinshehe mwenyewe. Na juu ya jalada, kwa wino wa bluu, sahihi: M kubwa yenye mkia mrefu ulioteremka mpaka kwenye kona. Ilifuatana na cheti kilichotiwa plastiki ngumu: "Sahihi halisi. Ilitiwa na msanii mwenyewe, Morogoro, 1977." Chini yake muhuri wa duara wenye nyota.

Alitaka laki mbili na nusu. Tukashikana mikono kwa laki na themanini. Nilipoulizia risiti akasema, "Bosi, si unacho cheti?" Nikaona ana hoja. Siku hizi nikikumbuka hapo hujishika kichwa.

Jumapili pilau ikaliwa, keki ikakatwa, zawadi ikafunguliwa. Mzee akavaa miwani. Akasoma jalada mbele, akaligeuza, akalirudisha mbele.

"Mkwe, hapa pameandikwa nini?"

"Sahihi yake, mzee."

"Hapana. Hapa juu."

Nikasoma. "Ukumbusho."

"Ukumbusho wa nani?"

Kijiko kilisikika kikianguka jikoni.

"Mbaraka alikufa Januari 1979," mzee akasema, bila kupandisha sauti, "kwa ajali ya gari, kule Mombasa. Vita vya Amin vimepamba moto, sisi tunasikilizia habari za Kagera, tukaletewa hiyo. Hizi Ukumbusho walizitoa Polygram wa Kenya tumeshamzika. Sasa huyu alisaini mwaka 1977 akitokea wapi?"

Akaniita dirishani. Kona ya jalada ilikuwa na kunjo la siku nyingi, karatasi imechanika mpaka weupe wake unaonekana. Mkia wa ile M ulipita juu ya weupe huo, wino umenywea vizuri kabisa. "Angekuwa amesaini zamani," mzee akasema, "kunjo lingekata wino. Hapa wino ndio umekuta kunjo." Alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo miaka ishirini na saba. Amekwishaona hati za viwanja.

Shemeji yangu mdogo alicheka mpaka soda ikamtokea puani. Mama Asha hakucheka. "Baba Asha, umenunua shilingi ngapi?" Nikasema elfu themanini. Akanyanyuka, akaenda kwenye gunia la mchele. Usiku ule nililala sebuleni.

Kesho yake nikaenda kudai peke yangu, kosa la pili. Jamaa alininyooshea kidole kibao cha ukutani: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Nikamweleza habari ya 1979. Akafikiri kidogo. "Bosi, kama tatizo ni mwaka tu, nipe hicho cheti nikuandikie kingine. Unataka mwaka gani?" Nakiri kwamba kwa sekunde moja nilikuwa natafuta mwaka unaofaa. Nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Jumatano tukaenda watatu. Mzee alisalimiwa, akaitikia marahaba, akaomba kuonyeshwa kibao, akakisoma chote. Kisha akatoa cheti chetu. "Mwanangu, kwenye Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo yake. Maelezo haya umeyaandika wewe na muhuri ukagonga wewe. Na kibao chako hakisemi mali ya uongo ikiuzwa hairudishwi." Jamaa akatabasamu. Sheria haikumtisha hata kidogo. Mzee akaangaza macho kaunta nzima, akauliza kwa upole mashine ya risiti za TRA inakaa wapi. Hapo tabasamu likapungua.

Lakini nisimnyime mtu haki yake: hela ile aliitoa Mama Asha. Alivuta kigoda akakaa mlangoni saa tatu asubuhi, akajifunga kanga vizuri, na kila mteja aliyesogea akamkaribisha kwa heshima zote: "Karibu dada yangu, pita tu. Hapa wanauza sahihi za marehemu." Hakutukana, hakupaza sauti. Wa nne alikuwa mama mmoja aliyekuja kuchukua redio ya mumewe. Akaketi naye kusikiliza kisa chote, muuza kahawa naye akatua birika. Adhana ya adhuhuri ilipolia, simu yangu ikaita kwa ujumbe: laki moja na ishirini elfu zimeingia. Elfu sitini, jamaa akaapa, ni Ijumaa.

"Santuri tunakaa nayo mpaka imalizike," Mama Asha akasema, akanyanyuka na kukirudisha kigoda mahali pake.

Ijumaa hiyo imeshapita mara kumi na moja. Santuri iko kwa mzee, haina mkwaruzo hata mmoja, na kila Jumapili jioni inapigwa pande zote mbili. Cheti amekitundika ukutani, karibu na picha ya harusi yetu. Maji bado tunayachota kwa ndoo. Nawe ukipita Kariakoo ukaona duka lenye saa zisizokwenda, nifikishie salamu: elfu sitini bado, na safari ijayo Mama Asha anakuja na kigoda chake mwenyewe.