Msumari wa Jeneza kwa Rejareja

Wazee wa kijiwe, sogeeni. Kuna jambo linanikereketa na leo nalisema lote. Hebu sikilizeni watu wanavyoiita sigara kwa Kiingereza. Mtu wa London ataomba "fag". Panda kaskazini hadi Newcastle, ni "tab". Ingia gerezani hukohuko Uingereza, wafungwa wa siku nyingi wanasema "snout". Vuka bahari: Australia ni "durry", Kanada ni "dart", yaani kimshale, na kwenye mitaa ya watu weusi Chicago ni "square". Mwanafunzi wa Delhi anachomeka "sutta" ya Kihindi katikati ya Kiingereza chake, na mwenzake wa Johannesburg anachomeka "gwaai", iliyotoka kwenye ugwayi, tumbaku ya Wazulu. Kitu ni kilekile, majani yaliyofungwa kwenye karatasi. Na yapo majina mengine ambayo, ukiyategea sikio, yalishatoboa siri zamani.

Chukueni hili la "coffin nail", msumari wa jeneza. Wamarekani walikuwa nalo mdomoni kabla karne ya 19 haijaisha, wakati sigara za kiwandani ndiyo kwanza zinaingia. James Bonsack alipata hataza ya mashine yake mwaka 1881, mashine iliyotema sigara 120,000 kwa kutwa ya saa 10. Wataalamu je? Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha utafiti wao wa saratani ya mapafu kule London mwaka 1950. Luther Terry, daktari mkuu wa serikali ya Marekani, akatoa ripoti yake tarehe 11 Januari 1964, tena Jumamosi, ili soko la hisa lisitikisike. Khaa! Watu wanakufa, tunachungulia hisa! Mvutaji wa kawaida, yule anayeamka anakohoa huku kashika kifua, alikuwa keshalitoa jina zaidi ya miaka 60 kabla ya ripoti hiyo. Jeneza halifungwi kwa msumari mmoja, kwa hiyo kila mmoja alivuta wa kwake huku anacheka.

Kisha njooni kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, maana hapa ndipo ninaposonya kwa nguvu. Sigara ya bei chee ya askari wa Uingereza ilikuwa Woodbine, ya kampuni ya Wills. Woodbine ni mmea unaotambaa, maua yake yananukia mpaka nyuki wanapotea njia. Hilo ndilo jina alilolichagua mwenye kiwanda. Askari aliyekuwa kwenye handaki, matope hadi magotini, sigara za aina hiyo aliziita "gasper": kitu cha kukufanya utwete, cha kukukata pumzi. Mwenye mali kauza ua, mnunuzi kavuta kwikwi. Na tusimlaumu askari. Kasisi Geoffrey Studdert Kennedy alipita katikati yao akigawa neno la Mungu na sigara, mpaka wakamwita Woodbine Willie. Yule padri aliwapenda kwa dhati, alipewa nishani ya ushujaa kwa kuwafuata majeruhi chini ya risasi, na alichokuwa nacho cha kumfariji kijana anayekwenda kufa ndicho alichompa. Siwezi kumnyooshea kidole. Waliozitengeneza na kuhesabu faida ndio ninaowanyooshea.

Maana hao hawakukaa kimya wakisubiri mtaa uwapachike majina. Mwaka 1929, siku ya Pasaka, Edward Bernays, aliyekuwa akilipwa na kampuni ya American Tobacco, alipanga wanawake watembee Fifth Avenue pale New York wakivuta sigara mbele ya wapiga picha. Sigara hizo akazinadi kama "mienge ya uhuru". Wanawake wa Marekani walikuwa wamepigania kura kwa machozi na jela, wakaipata mwaka 1920. Anakuja mtu wa matangazo anachukua jasho lao lote analiwashia kiberiti. Mniambie, kati ya mwenge wa uhuru na msumari wa jeneza, nani aliyekuwa msema kweli?

Lakini msema kweli naye ana lake. Jina la kutisha likitamkwa kila siku kwa kicheko, linageuka la kubembeleza. Miaka ya 1950 habari za saratani zilipoanza kusambaa, mtaa ukaja na "cancer stick", kijiti cha saratani, na mtu akawa anamwambia rafiki yake, nipe kijiti cha saratani, naye anampa, wanawashiana. Utani ulikula makali yote ya ukweli. Nimewaona watu hapahapa wakifanya vivyo hivyo kwa Kiswahili, wanasema tunakufa tu bwana, halafu wanaomba kiberiti.

Kuna kundi jingine la majina, la ufukara, na hili wengi hawalioni. Hiyo "fag" yenyewe asili yake ni "fag end", ncha ya mwisho ya kitambaa, ile iliyochakaa. Ikawa kipisi, ikawa sigara duni, ikawa sigara yoyote. Fegi yetu imetoka huko. (Vijana mnaokwenda Marekani, liacheni uwanja wa ndege: kule ni tusi zito la kuwatweza wanaume mashoga, na limewatoa watu damu.) Afrika Kusini kipisi ni "stompie", neno la Kiafrikana, na mtu anayedakia maongezi aliyoyakuta mwishoni wanasema anaokota stompie. Sisi tungesema kadandia treni kwa mbele. Wao wamelipata kwa yule asiye na kitu, anayeinama barabarani kuokota alichotupa mwenzake.

Na New York kuna "loosie", sigara inayouzwa moja moja nje ya pakiti. Mwaka 2014 kodi ya jimbo na ya jiji kwa pamoja ilikuwa dola 5.85 kwa kila pakiti, kwa hiyo asiyeweza kununua pakiti alinunua moja pembeni. Tarehe 17 Julai mwaka huo, pale Staten Island, polisi walimkamata Eric Garner kwa tuhuma za kuuza hizo. Wakamkaba shingo. Alisema mara 11 kwamba hawezi kupumua, akafa. Kwa ajili ya sigara za rejareja! Kampuni zilizouza mabilioni ya sigara hizohizo hazikukabwa na mtu.

Sasa tutazame kibandani kwetu. Pakiti imefunguliwa, imelazwa karibu na peremende, kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa kamba ili mtu asiondoke nacho. Anakuja kijana, anaweka sarafu, anapewa moja, anawasha palepale, anakwenda. Onyo la afya liko kwenye pakiti, na pakiti imebaki kwa mwenye kibanda! Kenya ilipitisha sheria mwaka 2007 inayokataza kuuza sigara nje ya pakiti, na pakiti yenyewe isipungue sigara 10. Zungukeni Nairobi jioni moja mtazame inavyofuatwa. Mwenye kibanda simlaumu sana, anatafuta ada ya watoto; nawalaumu wanaojua kwamba kijana asiye na hela ya pakiti ndiye mteja wao wa kesho.

Wakanada ndio waliofanya jambo ninalolitaka. Tangu mwaka 2024 wameanza kuchapisha onyo kwenye sigara yenyewe, moja baada ya moja, pale kwenye karatasi ya kichungi, karibu kabisa na mdomo. Ni nchi ya kwanza duniani. Mojawapo linasema kuna sumu katika kila mvuto, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Mvutaji aombe "dart" moja au anunue pakiti nzima, maneno yanamfuata hadi midomoni. Basi wabunge wa Nairobi na Dodoma, hilo ndilo tunalowaomba: liandikwe kwenye fegi yenyewe, kwa Kiswahili, herufi zisomeke.