Chora Duara, Simama Humo

Bosi, simu iache ofisini. Chukua chaki, uchore duara sakafuni kwenye korido ya wagonjwa wa nje, kisha usimame humo. Ndivyo Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, alivyowasimamisha wakubwa wa kiwanda kwa saa nyingi, mpaka waone wenyewe kazi inakwama wapi. Miguu ikiuma, vumilia. Mama anayesubiri hapo mbele yako, mtoto mgongoni, naye inamuuma.

Mfuate kwa macho. Katoka dirisha la kadi, kaenda kulipa, kaingia kwa daktari, kaandikiwa kipimo, karudi kulipa dirisha lile lile, tena mkiani mwa foleni. Hesabu dakika alizohudumiwa, halafu hesabu alizokaa kwenye benchi. Ohno alitaja aina 7 za upotevu, kuanzia kuzalisha kupita mahitaji hadi kazi yenye kasoro. Wewe anza na hilo benchi.

Usikimbilie kuagiza kompyuta. Uliza kwanza "kwa nini" mara 5. Kwa nini foleni ya malipo haisogei? Keshia anaandika upya jina, umri na kijiji. Kwa nini? Kila dirisha lina daftari lake. Kwa nini? Endelea hivyo hivyo hadi ufike kwenye waraka wenye saini yako. Hapo ndipo pa kurekebisha.

Sasa fungua stoo. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza 5S, mbinu ya kupanga mahali pa kazi, mwaka 2007, na wauguzi wengi nchini Tanzania wanazijua hatua zake: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Ngumu ni ile ya kwanza, kuondoa kisichohitajika. Kiti cha miguu mitatu kitapata watetezi: "Tutakipeleka kwa fundi." Mashine ya msaada isiyo na spea imefunikwa kitenge miaka yote, na boksi za dawa zimebanwa nyuma yake. Fuata taratibu za kufuta mali, itoke. Dawa zinazokaribia kuisha muda ziweke mbele, mpya nyuma.

Kimoja usikisasambue: mtumishi. Ukimwachisha kazi aliyekuonyesha daftari lisilo na maana, wenzake hawatakuonyesha la pili. Mpeleke kwenye lile benchi na kipimajoto, ili mtoto mwenye homa kali aingie kwa daktari kabla ya zamu yake.