Uainishaji wa Vyanzo vya Habari vya Kiseke kwa Kigezo cha Kocha Kufukuzwa

Wanabiolojia hugawa wanyama katika makundi mawili, wenye uti wa mgongo na wasio nao. Kijiwe cha bodaboda cha Kiseke, Manispaa ya Ilemela, kimevigawa vyanzo vya habari vivyo hivyo, ila hakuna aliyewahi kuandika. Pengo hilo la kitaaluma ndilo tunaloliziba hapa.

Mazingira ya utafiti ni haya: Simba au Yanga imetoka sare, na mtu anazima pikipiki akisema, "Kocha kashatimuliwa." Hakuna anayeuliza kwa nini. Swali ni moja: "Nani kasema, mwanangu?"

Spishi iliyo nyingi kuliko zote ni Mtu wa Ndani. Jina hana, ana ukaribu tu. Ukifuata nasaba yake utamkuta shemeji wa dereva aliyewahi kulibeba begi la kocha. Uhakika wake huongezeka kadiri anavyokuwa mbali na klabu. Dereva mwenyewe angesema "nasikia". Habari ikishasafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kariakoo hadi Kiseke, imeshapata saa ya kikao, majina ya waliohudhuria na kiasi cha fidia.

Inafuata Karatasi, yaani picha ya "Taarifa kwa Umma" inayozunguka WhatsApp ikiwa na nembo ya klabu. Wachunguzi huikuza kwenye simu, wakakagua muhuri, sahihi na tarehe. Makosa ya tahajia hayajawahi kumaliza ubishi: upande mmoja huyachukua kuwa ushahidi wa kughushi, upande wa pili kuwa ushahidi kwamba imetoka ofisini kweli.

Gazeti lina uti wa mgongo, lakini husomwa kichwa cha habari tu, likiwa bado limening'inia kwa muuzaji. Na alama ya kuuliza iliyopo mwishoni mwa kichwa hicho huonekana na mashabiki wa timu inayohusika pekee. Wapinzani hawaioni, hata ikiwa nyekundu.

Msemaji wa klabu tunamweka peke yake. Akikaa kimya, kocha kaondoka. Akikanusha, kaondoka jana. Akisema kocha "yupo sana", kijiwe huanza kujadili mrithi.

Ubora wa chanzo, basi, hutegemea zaidi jezi ya msikilizaji. Shabiki wa Yanga anayedai nyaraka nne kuhusu kocha wake humwamini muuza karanga asiyemjua, mradi kasema kocha wa Simba kaondoka. Makolo (Simba) na Utopolo (Yanga) hawatofautiani hata kidogo katika hili.

Hapo tunafika kwenye ugunduzi mkuu. Kila kijiwe kina Mzushi wa Kudumu, anayemfukuza kocha kila wiki, na majirani humcheka. Lakini tazama kumbukumbu. Novemba 5, 2023 Simba ilifungwa 5-1 na Yanga; Novemba 7 Robertinho hakuwa kocha tena, tetesi hazikupata hata muda wa kuiva. Oktoba 2019 Yanga ilifungwa 2-1 na Pyramids ya Misri hapa hapa Ilemela, uwanja wa CCM Kirumba. Baada ya marudiano ya Cairo, Mwinyi Zahera akaondolewa mapema Novemba. Novemba 2024 kocha wa Yanga, Gamondi, aliondoka baada ya vipigo viwili mfululizo vya Azam na Tabora United. Mrithi wake, Ramovic, alidumu mpaka Februari 2025, akaenda CR Belouizdad. Hamdi akaondoka msimu ulipokwisha. Folz akafukuzwa Oktoba 2025 baada ya kufungwa 1-0 na Silver Strikers ya Malawi. Makocha wanne ndani ya mwaka mmoja! Katika ligi ya namna hii Mzushi hasemi uongo, anawahi tu. Mchambuzi makini anayesubiri uthibitisho ndiye mwenye rekodi mbaya, maana akiupata, kocha mpya naye keshaanza kuyumba.

Amebaki shabiki wa Pamba Jiji, ambaye anastahili tasnifu yake. Timu yake ilirudi Ligi Kuu 2024 baada ya zaidi ya miaka 20, na Oktoba ya mwaka huo huo ikaachana na Goran Kopunovic, ikamchukua Minziro. Huyu hakuhitaji Mtu wa Ndani wala Karatasi. Alikuwa Kirumba, alihesabu mechi zisizo na ushindi, akafikia uamuzi kabla ya uongozi. Kijiwe kilimsikiliza kwa heshima, kisha kikarudi kwa Simba na Yanga.

Kuhusu tetesi za kocha mpya, hizo ni himaya nyingine kabisa, na vyanzo vyake vyote hufanya kazi uwanja wa ndege.