Mwenye Masikio Apewe Alama

Ewe mwalimu tarajali wa Masasi au Kitangali, umeambiwa kwamba Ijumaa kundi lenu la watu watano litajadili mada kwa dakika 20 mbele ya mkufunzi, na kila mmoja atapata alama zake. Nawe umekesha unakariri hotuba. Iache bwenini. Ukiingia na hotuba kichwani utakuwa unangoja zamu tu, na anayengoja zamu hasikii kitu.

Anza kwa kukata salamu. "Awali ya yote napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu, mkufunzi wetu, viongozi wa darasa, itifaki imezingatiwa..." Haki yako ni dakika nne, na hapo imeshakwenda moja. Mungu mshukuru bwenini, kwa kirefu na kwa moyo wote. Kwenye kundi sema hoja.

Halafu yupo yule wa "naungana na mchangiaji aliyetangulia". Unaungana naye wapi? Kusema hivyo na kukaa ni kudandia lori pale Masasi mjini bila kuuliza kama linakwenda Tunduru, Newala au Lindi. Taja neno alilosema, kisha ongeza lako: ushahidi, swali, au sababu ya kumpinga.

Tuseme mada ni kangomba, ule ununuzi wa korosho kwa mlango wa nyuma. Wa kwanza atanguruma: "Wanunuzi wote wa kangomba wafungwe!" Wa pili atanguruma zaidi, maana darasani kwetu sauti kubwa imezoeleka kuchukuliwa kuwa hoja. Wa tatu atafuata kwa ngurumo ileile, na dakika 10 zitakuwa zimekwisha kwa sentensi moja. Wewe uliza: "Mwenzangu umesema wafungwe. Je, mkulima anayeuza korosho zikiwa bado mtini amebanwa na nini?" Hapo kundi linaamka. Mmoja atakumbuka ada ya mtoto, mwingine ugonjwa, mwingine chakula kilichokwisha ghalani kabla ya msimu. Mazungumzo yamehama kutoka polisi hadi mikopo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na aliyeyahamisha ni wewe, kwa swali moja lililotokana na kumsikiliza mwenzako. Mkufunzi mzuri huliona hilo haraka kuliko anavyoona ngumi mezani.

Ukitaka kuwaona mabingwa wa kusikiliza, watafute wakulima wa minada ya korosho. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoani Mtwara mwaka 2007, kwa misimu mingi barua za wanunuzi zilifunguliwa na kusomwa hadharani mbele ya wakulima wa vyama vikuu kama TANECU na MAMCU: jina la kampuni, kiasi inachotaka, bei. Mkulima aliyekuwa anapiga soga bei ikisomwa angebishana baadaye juu ya namba ambayo haikutajwa. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walizisikia bei, wakazipima, wakazikataa. Mwezi uliofuata serikali ikatangaza itanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Yaliyofuata kuhusu malipo ni habari ndefu na chungu, lakini ninachokitaka hapa ni ule mnada: umati mzima ulisikiliza kwanza, ndipo ukasema hapana. Babu zako wa AMCOS hawajapata cheti cha mawasiliano, nao ndio walimu wako wa bure. Nenda na daftari.

Na mwana wa Masasi mwenyewe aliwahi kukaa kwenye kundi gumu kuliko lako. Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, alikuwa mwaka 2008 katika jopo la usuluhishi la Kenya pamoja na Kofi Annan na Graça Machel, wakati nchi ile ikiungua baada ya uchaguzi. Timu za pande mbili zilibishana kwa majuma hadi zikakwama. Annan akasimamisha vikao vyao, akaupunguza mkutano: Februari 28 walikaa mahasimu wenyewe, Mwai Kibaki na Raila Odinga, pamoja na Annan, Mkapa na Jakaya Kikwete, Rais wa Tanzania wakati huo, na siku hiyohiyo mkataba ukatiwa saini. Kwa hiyo kundi lenu likikwama kwa sababu wote wanasema, omba wote wanyamaze isipokuwa wawili wanaopingana. Waulize kila mmoja: ni jambo gani moja ambalo huwezi kuliacha?

Sasa nije kwenye linaloniuma zaidi. Katika kila kundi yupo binti aliyekaa pembeni, ametoka kijiji cha uwandani, lafudhi yake ina Kimakonde kingi, na mara ya mwisho alipofungua mdomo darasa lilicheka. Huyo ndiye aliyebeba magunia hadi ghalani, huyo ndiye anayejua kangomba inaingia nyumba gani na saa ngapi. Mkimwacha kimya mnajadili kwa kubahatisha huku shahidi amekaa mbele yenu. Mwite kwa jina, mpe swali analolijua, kisha subiri. Subiri kweli, hata kimya kikikuwasha ulimi. Akicheka mtu, mkatishe. Utani wa Mmakua, Myao na Mmakonde ni mali ya watu wa kusini na una mahali pake, lakini hapa mwenzako anapewa alama.

Zikibaki dakika mbili, chukua kazi ambayo hakuna anayeigombea: fupisha kwa majina. Nani alileta hoja ya mikopo, nani aliipinga na kwa sababu ipi, yule binti alieleza nini kuhusu ghala, na jambo gani bado hamjakubaliana. Ukikosea, mwenye hoja akusahihishe palepale, nawe mshukuru, urudie kama alivyosema.