Hiace ya Mwisho Haina Saa

Hiace ya mwisho ya kupanda Kibosho haina saa. Huondoka stendi ya Moshi ikishajaa, na watu hujua ilikuwa ya mwisho pale tu wanapoikosa. Konda mwenyewe hajui. Muulize saa moja kasoro kama kuna nyingine nyuma yake, atakujibu, “Zipo, bosi, gari zipo,” kwa uhakika uleule aliokuwa nao alipokuambia kiti cha nyuma kinakaa watu watano.

Mfanyakazi wa ofisi anayeshinda mjini na kulala Kibosho hupanga jioni yake kwa kutegemea majibu ya namna hiyo. Mmoja wao ni mhasibu wa kampuni ya kupandisha watalii mlimani. Tumwite Mhasibu tu, maana jina lake la ukoo nusu ya Kibosho wanalo. Ana shati jeupe, ana kitambulisho shingoni, na kila Ijumaa saa kumi na moja jioni huamini kwamba leo atajiburudisha kistaarabu na kufika nyumbani mapema.

Mtu wa mbali angesema ameangukia pazuri. Kilimanjaro, yenye mita 5,895, huvuta makumi ya maelfu ya wapandaji kila mwaka, na wengi wao hulala Moshi kabla ya kupanda na baada ya kushuka. Mji wa namna hiyo haukosi muziki, nyama wala viti vya kuegemea. Shida ni kwamba raha hizo zote ziko chini, na kitanda cha Mhasibu kiko juu. Kibosho ina lango lake la mlima, Umbwe, lakini njia ya Umbwe ni fupi na kali, inapanda moja kwa moja bila huruma, na kampuni nyingi huwapeleka wateja Machame au Marangu. Hoteli zikawafuata wateja huko. Kibosho ikabaki na misheni yake ya tangu 1893, hospitali, shule, kahawa, migomba, na baa za viti vya plastiki ambazo mtalii huzipita vioo vya gari vikiwa vimefungwa.

Chaguo la kwanza la Mhasibu, mshahara ukiwa umeingia siku hiyohiyo, ni hoteli ya ghorofani yenye kuutazama mlima. Zamani menyu ya mahali pa aina hiyo ilimtoa jasho hata kabla hajakaa, kwa kuwa bei ilikuwa kwa dola. Mwaka 2025 serikali ilipiga marufuku kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Sasa anaisoma kwa shilingi, na jasho linamtoka kwa lugha ya taifa.

Halafu bendi inaanza. Wanapiga “Jambo Bwana”, wimbo ambao Them Mushrooms wa Kenya waliutoa mwaka 1982 na ambao tangu hapo hakuna hoteli ya watalii Afrika Mashariki iliyouruhusu kupumzika. Mhasibu ameusikia kutwa nzima. Waongoza watalii huuimba na wapagazi mlimani, wateja huwarekodi kwa simu, na video hizo huishia ofisini kwake zikiambatana na maombi ya kurudishiwa fedha. Sasa amelipa bia kwa bei ya mgeni ili ausikie tena.

Siku moja mzungu wa meza ya jirani alikiona kitambulisho chake, akavuta kiti, akamuuliza usiku wa kambi ya Barafu una baridi kiasi gani. Mhasibu amezaliwa mlimani, lakini hajawahi kuvuka lango la hifadhi akienda juu. Barafu anaijua kwa stakabadhi. Hata hivyo alijibu bila kusita: kambi iko juu ya mita 4,600, hema la chakula linapelekwa, mafuta ya jiko huisha haraka kuliko ilivyopangwa, na mayai hufika yamepungua. Mzungu aliandika yote kwenye daftari.

Kuna Ijumaa ambazo hata hilo halipo. Msimu ukikolea, hasa Juni hadi Oktoba, na dereva mmoja akiugua, Mhasibu hutumwa uwanja wa ndege wa KIA kupokea wageni. Uwanja huo, ulio kati ya Moshi na Arusha, ulifunguliwa mwaka 1971, na ndege ya KLM kutoka Amsterdam imezoea kutua hapo usiku. Wenzake wakiwa wanaagiza, yeye amesimama na karatasi yenye jina ambalo hana namna ya kulitamka. Mgeni akitoka, swali la kwanza ni lilelile: mlima uko upande gani? Mhasibu hunyoosha kidole gizani. Mgeni hupiga picha.

Wazee wa Kibosho, wakimsikia akilalamika, humshangaa. Mbege ipo, tena nyumbani, hakuna nauli. Kwao hilo ni jibu tosha, ila hawajawahi kufanya kazi ya saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mbege ina ratiba yake. Ndizi huivishwa kwa siku kadhaa, zikachemshwa mpaka zikawa nyekundu, zikaachwa zichachuke, zikachujwa, kisha maji yake yakachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, pamoja na gome la msesewe la kuleta uchungu. Ikishachanganywa haikai, kesho yake inaanza kuwa kali. Kwa hiyo mama mpishi huiuza siku ileile, na wateja wake, ambao hawana bosi, huanza mchana. Mhasibu huingia na shati lake jeupe saa mbili usiku, anaamkia kila benchi, shikamoo hadi mwisho, na anayempa kata huionja kwanza mwenyewe kama desturi inavyodai. Desturi inataka onjo tu. Kata inayomfikia jioni ile huwa imeonjwa vya kutosha.

Ndiyo maana Ijumaa nyingi huishia katikati, kwenye baa za kawaida za mjini, bei ya Mtanzania. Hapo ndipo hadithi ya Machi moja ilipoanzia, Ijumaa ya Kwaresima, mvua za masika zikiwa zinanukia.

Ni lazima kueleza jambo moja kuhusu fedha za Moshi. Msimu wa watalii ukiwa umechanganya, bwana mkubwa wa baa si mwenye mshahara. Ni mgumu. Wagumu ndivyo wapagazi wa mlimani wanavyojiita, na mtu akishabeba kilo 20 kwa siku sita au saba anastahili jina hilo. Akishuka, anagawiwa bahasha ya asante ya mgeni, anaoga, na saa mbili usiku meza yake haionekani kwa chupa. Masika yakija, wageni wanapungua, wagumu wengi wanarudi shambani, na ndipo walimu, manesi na makarani wanarudishiwa heshima yao kwenye kaunta. Machi ni mwezi wa makabidhiano.

Mhasibu alikuwa ameagiza soda, kwa sababu ya Kwaresima na kwa sababu ya Hiace. Akanyanyuka saa moja kasoro robo, akiwa na muda wa kutosha. Mlangoni akakutana na mpwa wake, aliyekuwa ameshuka mlimani asubuhi ile na wenzake wanane.

“Baba mdogo! Unaenda wapi? Kaa. Leo kunywa chochote.”

Mtu hawezi kukataa ofa ya mtoto wa kaka yake mbele ya watu tisa. Akakaa, akanywa. Ila ilimkera. Malipo ya kijana huyu yeye ndiye huyaandaa mezani kwake, senti kwa senti, na sasa anapokea bia kutoka kwake. Bia ya pili ilipofika, heshima ya ukoo ilidai jibu. Akaita mhudumu, akaagiza nusu kilo ya kitimoto, ya kukaanga, na ndizi za kuchoma. Kwamba ilikuwa Ijumaa, tena Ijumaa ya Kwaresima isiyoliwa nyama, alilikumbuka baada ya mhudumu kupeleka oda jikoni. Kwenye baa za Moshi oda ikifika jikoni hairudi.

Kitimoto kilichukua saa moja na dakika arobaini. Kila alipouliza aliambiwa “kinaiva.” Hiace aliyodhani ni ya mwisho ikapita, baadaye alisikia kwamba baada yake zilikwenda mbili.

Wakati wa kulipa, mtandao ukagoma. Tangu M-Pesa ianze Tanzania mwaka 2008 watu wamezoea kutembea bila noti, na mtandao umezoea kuwakumbusha noti zina kazi gani. Mhasibu akajaribu lipa namba mara kwa mara mpaka meseji ikaingia kwenye simu yake. Kwa mwenye baa haikuingia. “Basi nitumie hiyo meseji ya muamala, niione,” mama akasema, naye alikuwa na haki. Mhasibu, mtu wa kutunza kumbukumbu, alikuwa na namba yake. Aliihifadhi kama “Mama Nyama”. Ya mkewe aliihifadhi kama “Mama Nyumbani”. Kwenye orodha ya majina wamekaa mmoja juu, mwingine chini, na kidole cha mtu mwenye bia tatu ni kinene.

Meseji ilikuwa na kiasi, saa, na jina la biashara, ambalo halikuacha shaka kuhusu mnyama aliyehusika.

Mama Nyumbani hakupiga simu. Alijibu kwa herufi moja: “K.”

Kupanda Kibosho kwa bodaboda usiku kuna gharama mbili. Ya kwanza ni nauli, kwa sababu bei ya mchana inakuwa imeshalala. Ya pili ni hewa. Kila mita 100 za kupanda huondoa zaidi ya nusu nyuzi ya joto, na kutoka Moshi mjini, iliyo chini ya mita 1,000, hadi kwenye migomba ya juu ya Kibosho kuna mita mia tano na zaidi. Shati la ofisi linalomtosha mtu mjini, njiani linageuka pambo. Ndiyo maana mhudumu wa baa ya Kibosho akiuliza “ya moto au ya baridi?” anauliza kwa adabu tu, chupa iliyokaa rafuni usiku kucha haijui tofauti. Mhasibu alifika saa tano kasoro, meno yakigongana, akakuta taa ya sebuleni inawaka na viti vyote vimepangwa duara.

Alifurahi kidogo, akadhani kuna msiba. Kisha akakumbuka. Jumuiya ndogondogo husali Jumamosi alfajiri, nyumba kwa nyumba, na zamu ya kesho ilikuwa ya kwake.

Saa kumi na mbili kamili walikuwa wamejaa. Mwenyekiti wa jumuiya, katekista mstaafu, majirani, na nyuma kabisa mpwa wake, aliyelala kwa bibi na kuamshwa kwa nguvu. Somo likasomwa. Mhasibu alikaa karibu na mlango, macho mekundu, akijitahidi kupumua kwa pua. Yakafika maombi, ambapo kila mmoja huomba kwa maneno yake. Mzee mmoja akaombea mvua. Mama mmoja akaombea watoto wa kidato cha nne. Ndipo Mama Nyumbani akainamisha kichwa na kuwaombea, kwa sauti tulivu, ndugu wote wanaopatwa na majaribu Ijumaa jioni, hasa wale wa nusu kilo.

Jumuiya nzima ikaitikia. Sauti ya mpwa ndiyo iliyosikika zaidi.